Mama Aliyemtubia Orpa

Orpa alianza kuimba kabla hajavaa kiatu chake cha kwanza, na mama yake, Mukamurenzi, alianza kuiogopa sauti hiyo siku hiyohiyo. Haikufanana na mtoto aliyeibeba. Mtoto alikuwa mwembamba kama ufito, lakini akifungua kinywa, watu waliokuwa wakipita na majembe yao walisimama kutazama ni mwanamke gani mkubwa aliyefiwa.

Walitoka milima iliyo juu ya Uvira mwaka 1996, Orpa akiwa na miaka saba. Walivuka ziwa, wakapita Tanzania kwa miguu na kwa malori ya watu wenye huruma, wakaingia Uganda kwa njia ya Kikagate. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale wakapewa kiwanja, turubai, sufuria mbili na jembe. Baba yake Orpa, Néhémie, alikuwa ameacha nyuma ng'ombe arobaini. Mtu wa ng'ombe ukimpa jembe ni kama umempa mkono wa mtu mwingine. Analima, lakini mkono haumtii. Kitu kimoja tu alichofika nacho bila kupungua ni kazi yake ya kanisani. Néhémie alikuwa mtoa sauti.

Kanisa lao lilikuwa la miti na udongo. Halikuwa na kinanda, na vitabu vya nyimbo vilikuwa vitatu kwa watu mia mbili. Kwa hiyo wimbo ulihitaji mtu wa kuunyanyua: anasimama peke yake, anaimba mstari wa kwanza, kanisa linaupokea. Akianza juu mno, wanawake watapiga kelele na wanaume watanyamaza. Akianza chini mno, wimbo utakufa kabla ya ubeti wa pili. Néhémie hakuwa mtu wa kukosea. Na Orpa alifundishwa na yeye, shambani, katikati ya mistari ya mahindi.

"Usikimbilie neno," alikuwa akimwambia. "Liache neno likungojee wewe."

Mwaka 2003 kifua cha Néhémie kilianza kumsumbua. Jumapili moja alisimama, akatoa sauti, nayo ikakatika kama kamba mbovu. Kanisa likabaki linamtazama. Kutoka kwenye mkeka wa watoto, Orpa, aliyekuwa sasa na miaka kumi na minne, akauokota wimbo pale ulipoangukia. Hakuwa na haraka. Watu wote walikwisha kufika mwisho wa mstari, yeye bado yuko njiani, analikokota neno moja, analigeuza, halafu analiweka chini taratibu. Na wakati huo akina mama walikuwa wamekwisha kufunika nyuso zao kwa vitenge. Tangu siku ile mtoa sauti akawa yeye. Baba yake alikaa benchi la mbele na kumsikiliza huku amefumba macho, na kila mtu aliona kwamba ni mtu asiyedai ng'ombe tena.

Mukamurenzi yeye hakufumba macho. Alikuwa mtu wa kuangalia. Aliyekwisha kukimbia mara moja hukaa ameelekea mlangoni. Aliwahesabu vijana waliosimama dirishani wakati binti yake akiimba. Alijua nani alimsalimia kwa mkono mmoja na nani kwa miwili. Usiku alimuomba Mungu ampunguzie mtoto ile sauti kidogo, kidogo tu, iwe ya kawaida kama za wasichana wengine.

Mungu hakupunguza kitu.

Mwaka 2010 kwaya ilialikwa kuimba harusi Mbarara, kwenye hoteli ya mwanamke mmoja wa Kinyankore aliyeitwa Goretti. Mukamurenzi alikwenda pamoja na wasichana, kuwachunga. Katikati ya sherehe, mchana kweupe, umeme ulikatika. Vipaza sauti vikafa, kinanda kikafa, kwaya ikanyamaza kwa kuchanganyikiwa. Orpa hakuona sababu ya kunyamaza. Kwao umeme haukuwahi kuwapo. Aliimba hadi meza za mwisho, kule walikokaa madereva, na madereva wakaweka chupa chini.

Goretti alikuja kwa Mukamurenzi akijipepea kwa sahani ya karatasi.

"Nyabo, huyu musichana nani alizaa?"

"Ni mimi."

"Wewe?" Goretti akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili. "Wewe umekonda hivi? Sasa kama iko ingine nyumbani, leta yote. Mimi nanunua na jumula."

Wasichana wa kwaya wakacheka. Mukamurenzi naye akacheka, lakini kwa midomo tu. Kabla ya keki kukatwa, Goretti alikuwa amekwisha kusema anachotaka: Orpa aje aimbie wageni wake Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili wakati wa chakula cha mchana. Atapata mshahara na chumba.

Nyumbani, Néhémie alishinda shambani siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Ile sauti si mimi niliitoa. Ningekuwa ni mimi, ningeikataza. Aende. Lakini kila mwezi Jumapili moja arudi, atoe sauti hapa."

Orpa akaenda, na kila mwezi akarudi.

Hoteli ilikuwa na mpiga kinanda, Appolinaire, mtu wa Bukavu aliyekaribia miaka hamsini, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Mke wake na watoto watano walikaa kambi ya Oruchinga. Yeye ndiye aliyemfundisha Orpa nyimbo ambazo wageni walizitaka, nyimbo za polepole za mapenzi na majuto ambazo Waamerika weusi wanaziita soul. Mukamurenzi alipokwenda kumtembelea binti yake mara ya kwanza, alikuta wakifanya mazoezi kwenye ukumbi mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Hakuelewa maneno, lakini alitambua kila kitu kingine. Ile namna ya kulikokota neno. Ile namna ya kuliweka chini. Ilikuwa Jumapili ya kwao nzima, Bwana ameondolewa, amewekwa mwanamume asiyejulikana jina.

"Mama, usihuzunike," Appolinaire alimwambia. "Hizi nyimbo zilitoka kanisani vilevile. Bale balizianzisha balikuwa batoto ya bachungaji. Orpa hajatoka kwenu, anatembea tu mu njia ileile."

"Zilitoka kanisani?"

"Kabisa."

"Na zikarudi lini?"

Appolinaire alicheka mpaka miwani ikamwanguka. "Orpa! Mama yako akikuwa munyanganyi wa maneno, mimi nafunga kinanda!"

Siku ileile, nyuma ya chumba cha Orpa, Mukamurenzi aliona suruali ya kiume kwenye waya wa kuanikia nguo. Aliizunguka kama mtu anayezunguka nyoka. Kisha akauliza.

"Mama!" Orpa aliangua kicheko. "Ni ya Appolinaire. Nafulia bapigaji bote, banapanda jukwaani wakiwa safi. Njoo uone, kuko na shati tano mu beseni." Akamshika mkono na kumpeleka kwenye beseni, na kweli mashati matano yalikuwamo, yameloweka, na soksi za mtu wa ngoma.

Mukamurenzi aliamini. Hili lazima lieleweke. Aliamini kabisa, na akala chakula cha mchana kwa amani, na akarudi Nakivale akiwa amebeba mkate na kilo mbili za sukari.

Miaka miwili ikapita vizuri. Kisha Goretti akachapisha mabango. Moja lilibandikwa Kabingo, kwenye ukuta wa duka ambalo kila mtu wa Nakivale aliyekwenda Mbarara lazima alipite. Orpa alikuwa pale, mrefu kama mlango, mabega wazi, mdomo mwekundu, kipaza sauti mkononi. Watu wa kanisa walishuka kulitazama. Wengine walilitazama wakienda na wakirudi.

Wazee wa kanisa walimwita. Pasta Baudouin alimuuliza kwa upole kama anatubu.

"Nitakuja mbele niseme niliimba," Orpa alijibu. "Niseme nilivaa ile nguo. Lakini siwezi sema ni zambi, Pasta, ju moyo yangu hainiambii ivyo."

"Moyo haiandikwe mu kitabu," alisema Kabanda, rais wa kwaya, ambaye ndiye alikuwa mwandishi wa wazee.

Akatengwa. Katika kanisa lao, aliyetengwa hukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Hapewi meza ya Bwana, hasalimiwi kwa salamu ya kanisa, na haruhusiwi kutoa sauti wala kuimba na kwaya mpaka atubu mbele ya watu na kufunguliwa. Orpa alikaa benchi lile Jumapili tatu, mwezi baada ya mwezi. Miriamu, rafiki yake wa tangu utoto, ndiye aliyewekwa kutoa sauti. Miriamu alikuwa na sauti safi, lakini alilikimbilia neno. Mwezi wa nne Orpa hakuja.

Alituma pesa za dawa ya baba yake kama kawaida. Alikuja katikati ya juma, wakati kanisa limefungwa.

Mwaka 2013 Néhémie akavimba miguu. Hospitali walisema ni figo, wakasema maneno mengine marefu, kisha wakasema mpelekeni nyumbani. Orpa alikuja, akakaa kando ya godoro. Akaanza kumwimbia kwa sauti ya chini, wimbo wa shambani. Mzee akainua mkono.

"Hapana. Si hapa, mwana wangu. Mimi ni muzee wa kanisa. Siwezi kusikia kwa kujificha kitu walinikataza kusikia mbele ya batu." Akapumzika, akakusanya pumzi. "Nataka nikusikie mule ndani. Mara moja. Kisha basi."

Orpa alitoka nje akalia nyuma ya nyumba. Mukamurenzi alimwona. Alimwona pia mumewe, alivyogeuza uso kuelekea upande wa kanisa kama mtu anayesubiri gari. Akajua kwamba kazi hiyo imebaki yake.

Alhamisi, Orpa akiwa amerudi Mbarara, Mukamurenzi akaenda kwa wazee.

Kulikuwa na desturi waliyokuja nayo kutoka milimani. Mzazi anaweza kusimama mbele ya kanisa na kutubu kwa ajili ya mtoto wake aliye mbali, na mtoto akafunguliwa. Waliita kumtubia mtu. Lakini dhambi ilikuwa lazima itajwe kwa jina na iandikwe.

"Mama Orpa, sisi bote tunamupenda Néhémie," alisema Pasta Baudouin. "Ni yeye alitoa sauti siku nilibarikiwa kuwa pasta. Sasa, mutoto alitenda nini?"

"Aliimba mu hoteli, Pasta."

"Ile tunaijua. Mwenyewe anasema si zambi. Utamutubia namna gani kitu mwenyewe anakikataa?"

Kabanda alimmiminia Mukamurenzi chai. Hakuwa mtu mbaya, Kabanda. Kifua kilipomlaza Néhémie kitandani, ndiye aliyelima shamba lao lote na vijana wa kwaya, na hakukubali hata kikombe cha maziwa.

"Mama Orpa, unisikilize," alisema. "Mimi nimekaa na kwaya miaka kumi na miwili. Musichana haachi kanisa ju ya wimbo tu. Nyuma ya wimbo kuko kitu. Utaje ile kitu, tuifunike, mutoto aimbe, muzee asikie. Tunafanya hivi ju ya muzee."

Kalamu yake ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Mukamurenzi aliona nukta ya wino ikitanuka polepole pale ilipogusa. Alifikiri juu ya miguu ya mumewe, jinsi kidole kilivyoacha shimo kikibonyeza ngozi. Alihesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

"Niliona suruali," alisema.

"Suruali gani?"

"Ya mwanaume. Ku waya. Nyuma ya nyumba yake, kule Mbarara."

Hakuna aliyeuliza ya nani, wala imefikaje pale. Wazee walishusha pumzi wote pamoja, kama watu waliotua mzigo. Kabanda akaandika: uasherati. Akaigeuza karatasi, na Mukamurenzi, aliyesoma mpaka darasa la tatu tu, akaandika jina lake chini, herufi moja moja, bila kukosea hata moja.

Jumapili akasimama mbele. Néhémie alikuwa amelala nyumbani, hakuweza kutoka siku ile. Mukamurenzi alisema binti yake alianguka na mwanamume, na kwamba yeye kama mama anatubu kwa niaba yake, na anaomba mlango ufunguliwe. Wanawake walilia. Walimzunguka wakamshika mabega, wakaimba. Pasta Baudouin akatangaza kwamba Orpa, binti Néhémie, amefunguliwa. Ilikuwa furaha kubwa, na katikati ya furaha ile Mukamurenzi alijisikia mwepesi kweli. Alijiambia kwamba neno ni upepo, litapita, na kilichobaki ni wimbo.

Kwa simu alimwambia Orpa, "Wamekufungua. Kuya Jumapili."

"Balikubali bila mi kutubu? Walisema nini?"

"Wamekuonea huruma ju ya baba yako."

Orpa alipiga kelele ya furaha ambayo Mukamurenzi aliisikia hata baada ya simu kukatika.

Jumapili iliyofuata vijana wanne walimbeba Néhémie na godoro lake, wakamweka mbele, mahali pake. Alikuwa amevaa koti lake la uzee wa kanisa. Orpa alifika na gari la asubuhi, amevaa kitenge cha kwaya cha zamani alichokuwa amekitunza, na nywele zake amezifunga kama msichana. Mlangoni Miriamu alimkumbatia kwa nguvu.

"Tulilia, dada yangu! Siku mama yako alikutubia, tulilia mpaka! Usisikie haya. Mungu amesamehe. Sisi bote ni nyama tu, hata mimi kama si neema..."

"Alinitubia nini?"

Miriamu akarudi nyuma hatua moja. "Ile... ya ule mwanaume. Wa kinanda, ama? Batu banasema ni wa kinanda."

Mukamurenzi aliyaona haya yote kutoka benchi la pili. Hakuyasikia, lakini aliona uso wa binti yake ukibadilika, na macho yale yakimtafuta kichwa kwa kichwa, yakampata. Bado kulikuwa na nafasi. Angeweza kuinuka, kutembea hadi mlangoni, kumshika mkono na kumnong'oneza. Alibaki amekaa.

Orpa aliingia akakaa. Aliomba na wengine. Muda ulipofika, Kabanda alitabasamu na kusema kwamba leo kanisa limempata tena mtoa sauti wake. Orpa akasimama mbele, hatua mbili kutoka godoro la baba yake. Néhémie akafumba macho, tayari.

Orpa akafungua kinywa. Kisha akamgeukia Mukamurenzi.

"Mama," alisema, na sauti ile isiyohitaji umeme ikafika hadi benchi la nyuma. "Uliniona?"

Tabasamu la Kabanda likaondoka.

"Nakuuliza mbele ya baba. Uliniona na mwanaume? Ama uliona suruali niliyokueleza mi mwenyewe, nikakupeleka ku beseni?"

Watu mia mbili walimgeukia Mukamurenzi. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa sababu ndiyo tabia yake. Nyirabizimana, mama mjane aliyelala naye hospitali wakati Néhémie alipougua figo. Kabanda na kalamu yake mfukoni. Wanawake waliomletea unga. Aliyesema uongo mbele ya kanisa hutengwa mwaka mzima, na aliyeapa uongo juu ya mtoto wake, hakuna aliyejua hutengwa miaka mingapi, maana haikuwahi kutokea. Nani angemzika Néhémie? Nani angekuja na sufuria, nani angechimba? Mgeni katika nchi ya watu ana ndugu kanisani tu.

Kichwa chake kiliinama. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Lakini kanisani mtu akiinamisha kichwa, watu wanasoma ndiyo.

Orpa alingoja. Alingoja vile alivyofundishwa, bila kulikimbilia neno. Neno halikuja. Akachuchumaa, akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, kisha akainuka akatoka katikati ya mabenchi, bila kukimbia, na watu wakavuta miguu yao kumpisha. Miriamu akatoa sauti haraka ili kufunika kimya kile. Alianza juu mno.

Nyumbani, Néhémie alimuuliza mkewe swali moja.

"Uliona nini, Mama Orpa?"

"Suruali."

"Suruali peke yake?"

"Ndiyo."

Akageukia ukuta. Aliishi siku tisa zaidi, na alijibu kila alichoulizwa kuhusu maji na uji. Zaidi ya hayo hakuongea na mkewe tena.

Kanisa lilimzika vizuri sana, hakuna kilichopungua. Vijana wakachimba, akina mama wakapika. Orpa alikuja na Goretti kwa gari la hoteli, akateka maji, akaosha vyombo, akainama kaburini. Kabanda, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimsogelea kwa adabu na kumuomba atoe sauti, wimbo mmoja tu, kwa ajili ya mzee.

"Wakati niliimba, mulinifunga," Orpa alimjibu. "Sasa nanyamaza. Munataka nini ingine?"

Goretti alimshika kiuno. "Tuende, maama. Hapa banazika hata bazima."

Baada ya hapo mambo ya Orpa yalipanda. Aliimba Mbarara, akaitwa kuimba Kabale na Masaka, na mwaka 2014 redio moja ilianza kupiga wimbo wake. Mukamurenzi aliusikia kutoka redio ya kinyozi, sokoni, akiwa anachagua dagaa. Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayemsihi mtu arudi. Neno moja lilikokotwa muda mrefu kiasi kwamba kinyozi alisimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. "Huyu anaumwa fasi gani?" mteja aliuliza, na wote wakacheka. Mukamurenzi alilipia dagaa akasahau kuwachukua.

Wiki ile alikwenda kwa Pasta Baudouin, akamwambia kila kitu: beseni, mashati matano, soksi. Pasta alisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Mama Orpa," alisema mwishowe, "ile kitabu tulikwisha kuifunga. Tukiifungua, si wewe peke yako utasimama. Hata mimi nitasimama, hata Kabanda, ju hatukuuliza. Mutoto amefunguliwa mu kitabu. Muzee amepumzika. Batu bamesahau. Ukae na Mungu yako."

Watu hawakuwa wamesahau. Mukamurenzi alijua, kwa kuwa aliwaangalia. Wasichana walipokawia kisimani, mama zao waliwaambia, utakuwa kama Orpa.

Basi akapanda gari kwenda Mbarara. Orpa alimpokea kwa adabu, kama mtu anavyompokea mama yeyote aliyetoka mbali. Alimpa maji ya kuoga, chakula, kitanda chake mwenyewe. Mukamurenzi alilia na kuomba msamaha mara tatu. Binti yake alikunja nguo huku akimsikiliza.

"Siku ile ulisimama wapi?" Orpa alimuuliza.

"Mbele."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya batu bote."

"Basi fasi unaijua. Hapa kwangu unakosea nyumba, Mama." Akaweka nguo kwenye sanduku. "Siku utasimama pale useme sikuzini, nitakuya. Hata kama ni katikati ya wiki. Na nitaimba. Kabla ya ile siku, usiniombe musamaha."

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Tangu hapo kila Jumapili, baada ya mahubiri, Pasta Baudouin anauliza kama kuna mwenye neno la ushuhuda, na kila Jumapili Mukamurenzi anajishika kwenye benchi kwa mikono miwili.

Mwezi wa tatu wa mwaka huu, 2015, aliamka na moyo uliokwisha kuamua. Alioga, akavaa kitenge cha msiba. Alimpigia Orpa simu na kumwambia awe karibu na simu yake mchana. Hakumweleza zaidi, lakini Orpa alielewa, akasema, "Nitaikamata mu mkono, Mama," na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi sauti yake kuwa na joto.

Pasta aliuliza. Mukamurenzi akasimama. Kanisa likageuka: Kabanda, Miriamu mwenye mimba ya pili, Nyirabizimana aliyemtabasamia kumtia moyo na kusogeza mfuko wake ili ampe nafasi. Walimtazama kwa upendo wote waliokuwa nao, watu wa nyumbani kwake wa mwisho duniani.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Namushukuru Mungu ju ya mvua," alisema Mukamurenzi. "Amenyesha mvua nzuri, na maharagwe yamechipuka."

"Amina," wakajibu, na akakaa.